Akina Mazrui, akina Diop, akina James: shajara ya faharasa ya waandishi

Wiki ya 1

Mradi huu umezaliwa na kosa. Zamani niliagiza mashairi ya "A. Mazrui" nikaletewa kitabu cha siasa za kimataifa cha "A. Mazrui". Aliyeniletea sikumlaumu, kwa kuwa orodha aliyokuwa nayo ilimjua A. Mazrui mmoja tu. Tangu hapo kila nikiona orodha ya vitabu iliyoandika jina la ukoo na herufi moja mbele yake, najiuliza ni watu wangapi wamefichwa nyuma ya ile herufi.

Basi nimefungua lahajedwali. Anayeingia ni mwandishi ambaye jina lake la mwisho linabebwa na mwandishi mwingine angalau mmoja. Safu ni nne: jina kamili, miaka ya uhai, lugha alizoandikia, na mambo aliyoyaandikia. Hiyo ya nne ndiyo iliyonivuta. Nataka msomaji akifika kwenye jina aone papo hapo kwamba huyu ni wa mashairi ya gerezani na yule ni wa siasa za dunia, achukue anachokitaka.

Nimeanza na wale walionipoteza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, akiandika juu ya elimu, dini na mwenendo wa Waislamu wa pwani. Pia aliandika historia ya utawala wa Wamazrui Mombasa. Ali Al'amin Mazrui (1933–2014) ni mwanawe, mwanasayansi wa siasa, ambaye mwaka 1986 alitoa mfululizo wa televisheni na kitabu juu ya urithi wa aina tatu wa Afrika: wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Kisha yuko Alamin Mazrui, mwanaisimu, mshairi na mwandishi wa tamthilia. Kilio cha Haki, tamthilia yake ya 1981, inahusu mgomo wa wafanyakazi wa shambani wanaoongozwa na mwanamke, Lanina. Baadaye aliwekwa kizuizini, na mashairi yaliyotokana na kifungo hicho yakachapishwa mwaka 1988 kama Chembe cha Moyo. Hicho ndicho kitabu nilichokuwa nakitafuta.

Kwa hiyo tunaye Al-Amin ambaye ni baba, Ali ambaye Al'amin ni jina lake la kati, na Alamin wa tatu. Kana kwamba hilo halitoshi, Ali na Alamin waliandika vitabu pamoja mwaka 1995 na 1998, juu ya lugha, dola na jamii. Kwenye jalada ni Mazrui na Mazrui, na katika orodha fupi ni A. na A.

Safu ya nne imeanza kunisumbua mapema. Kwa Ali niliandika "siasa" nikaridhika, kisha nikakumbuka kwamba mwaka 1971 alitoa riwaya, ambamo mshairi Christopher Okigbo anashtakiwa huko ahera kwa kufa akipigania Biafra. Nimefuta "siasa" na kuandika sentensi nzima. Kila mtu atapata sentensi yake, hata jedwali likipanuka kiasi cha kutoenea kwenye kioo.

Wiki ya 2

Nimekwama kwenye Mohamed kwa siku tatu.

Mohamed Suleiman Mohamed ndiye mwandishi wa Kiu (1972), riwaya ya mapenzi na tamaa ya mali, na Nyota ya Rehema (1976), inayomfuata msichana aliyenyimwa haki yake ya urithi. Said Ahmed Mohamed ndiye wa Utengano (1980), kisa cha nyumba ya Bwana Maksuudi ambamo wanawake wanafungiwa, na wa Babu Alipofufuka (2001), ambamo babu aliyekufa anamrudia mjukuu wake, kiongozi aliyelewa madaraka. Wote wawili ni Wazanzibari, wote ni waandishi wa riwaya, na wa rika moja. Msomaji aliye mbali atawadhania ndugu.

Udhaifu uko katika sheria yangu ya kwanza. Nimelichukulia kila jina la mwisho kuwa "jina la ukoo", ilhali Mohamed hapa si ukoo. Kwa watu wengi wa visiwani na pwani mtu huitwa kwa jina lake, la babake, kisha la babu. Watoto wa mtu huyo jina lao la mwisho litakuwa jingine. Ukiupanga upande huo wa fasihi yetu kwa jina la mwisho, unawapanga waandishi kwa majina ya babu zao. Mtazame Muhammed Said Abdulla (1918–1991), baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, aliyetupa Bwana Msa na kiko chake. Ana Muhammed na ana Said, majina yaleyale ya wenzake yakiwa yamehama nafasi. Nimewahi kuona kazi zake zimetajwa chini ya Said Ahmed Mohamed, na sasa naelewa mkono uliteleza wapi.

Mazrui ni jambo jingine kabisa. Hilo ni la ukoo hasa, limerithiwa vizazi kwa vizazi. Haifai kuyaweka majina haya mawili katika safu moja kana kwamba yana kazi moja.

Nimeongeza safu ya tano: aina ya jina. Thamani zake kwa sasa ni ukoo, baba au babu, ndoa, lakabu. Nimeirudia kazi yote ya wiki iliyopita.

Safu hiyo imejaribiwa siku hiyohiyo na Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025). Thiong'o ni jina la babake. Wanawe wanaoandika wamechukua jina lake yeye: Mukoma wa Ngugi, wa riwaya za upelelezi, mashairi na uhakiki, na Wanjiku wa Ngugi, ambaye riwaya yake ya 2014 inafukua njama za biashara ya kuasili watoto. Ukimweka baba chini ya T na wana chini ya N, umeitenganisha familia ambayo majina yenyewe yanakuambia waziwazi nani ni mtoto wa nani. Isitoshe, riwaya zake tatu za kwanza, za 1964, 1965 na 1967, zilitoka kwa jina la James Ngugi. Nimemweka kwenye N kwa jina zima alilolichagua, nikaandika "James Ngugi" kama jina la awali, na nikawafungamanisha wanawe kwa alama ya mzazi na mtoto.

Wiki ya 3

Diop. Sikutarajia jina moja liwe na utajiri huu.

Birago Diop (1906–1989) alikuwa daktari wa mifugo, na alizunguka nchi kwa kazi hiyo akikusanya ngano. Mwaka 1947 akachapisha hadithi za Amadou Koumba, zikisimuliwa kana kwamba zimetoka moja kwa moja kinywani mwa msimuliaji wa jadi. Mwaka huohuo Alioune Diop alianzisha jarida la Présence Africaine mjini Paris, na huyo nimemwingiza ingawa sifa yake kubwa ni kuwachapisha wengine. Cheikh Anta Diop (1923–1986) alitoa mwaka 1954 kitabu kilichodai kwamba ustaarabu wa Misri ya kale ulikuwa wa Waafrika weusi, na chuo kikuu cha Dakar leo kina jina lake. Boubacar Boris Diop, aliyezaliwa 1946, aliandika riwaya juu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 2000. Miaka mitatu baadaye akatoa riwaya kwa Kiwolofu. Safu yangu ya lugha imepata maana yake hapo, kwani karibu kila jambo la maana kuhusu uamuzi wake limo ndani ya hiyo safu.

Sasa kosa la wiki. Jumatano usiku jedwali lilinionyesha kwamba David Diop alifariki 1960 na kutoa riwaya 2018. Nilikuwa nimeunganisha watu wawili. David Diop wa kwanza alizaliwa Bordeaux mwaka 1927, akachapisha diwani moja ya mashairi makali dhidi ya ukoloni mwaka 1956, kisha akafa katika ajali ya ndege akiwa na miaka 33. David Diop wa pili alizaliwa Paris mwaka 1966 na kukulia Senegali. Ni msomi wa fasihi ya karne ya 18, na riwaya yake ya 2018, juu ya askari wa Kisenegali katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, ilishinda tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2021. Wote wawili wamezaliwa Ufaransa, wote ni wa Senegali, wote wameandika kwa Kifaransa, na wote wanakabiliana na Ufaransa na vurugu zake.

Lililonistua ni kwamba safu ya nne isingewatenganisha. "Ukoloni wa Ufaransa na Waafrika" ingetosha kuwafunika wote wawili. Kilichowaokoa ni miaka. Mimi niliyedhani mada ndiyo alama ya vidole ya mwandishi, nimeweka sharti jipya: hakuna ingizo linalofungwa bila mwaka wa kuzaliwa, au bila alama kwamba mwaka haujapatikana.

Wiki ya 4

James. Kazi imekwenda haraka kwa kuwa watu hawa wameandikwa sana.

Henry James mzee aliandika teolojia. Mwanawe William (1842–1910) aliandika saikolojia na falsafa, na mwanawe Henry (1843–1916) riwaya. Jambo nililolipenda ni kwamba ule msemo wa "mkondo wa fikra", ambao leo tunautumia kueleza mbinu ya riwaya, ulienea kutoka kwenye kitabu cha saikolojia cha William cha 1890. Aliyeupa utanzu wa mdogo wake msamiati huo ni yule kaka asiyeandika riwaya. Nimelitia katika sentensi ya William.

Wasio wa nyumba hiyo: M. R. James (1862–1936), hadithi za mizimu, P. D. James (1920–2014), riwaya za uhalifu. Marlon James wa Jamaika, aliyeshinda Booker mwaka 2015 kwa riwaya iliyojengwa juu ya jaribio la kumuua Bob Marley mwaka 1976. Na C. L. R. James (1901–1989) wa Trinidad, ambaye peke yake amenichukua jioni nzima. Aliandika riwaya mwaka 1936, historia ya mapinduzi ya watumwa wa Haiti mwaka 1938, na mwaka 1963 kitabu juu ya mchezo wa kriketi ambacho ndani yake kuna ukoloni, rangi na tabaka. Katalogi nyingi zingekitupa kwenye rafu ya michezo na kukiacha huko. Sentensi yake nimeiandika mara nne, nami sijaridhika.

Wiki ya 5

Wiki ya waliofanana jina la kwanza na la mwisho.

Samuel Butler wawili: mmoja alikufa 1680, mshairi wa kejeli dhidi ya Wapuriti. Mwingine (1835–1902) ni mwandishi wa riwaya ya nchi ya kubuni iliyotoka 1872. Miaka inamaliza shauri. Alexandre Dumas wawili: baba (1802–1870) ni wa wale askari watatu wa mfalme, na mwana (1824–1895) ni wa kisa cha 1848 cha mwanamke wa maua ya kamelia, ambacho Verdi alikigeuza opera mwaka 1853. Wafaransa huongeza tu neno la "baba" au "mwana" nyuma ya jina.

Winston Churchill wawili ndio walionifundisha zaidi, kwa sababu wao wenyewe walilitatua jambo hili wakiwa hai. Mmarekani (1871–1947) alikuwa mwandishi wa riwaya mashuhuri kuliko Mwingereza mwaka 1899. Mwingereza (1874–1965), kijana aliyekuwa akiandika habari za vita na riwaya yake pekee, alimwandikia barua ya adabu akiahidi kutia saini "Winston Spencer Churchill" katika maandishi yake ili wasomaji wasichanganyikiwe. Mmarekani akajibu kwa adabu ileile kwamba angekuwa na jina la kati naye angelitumia. Leo aliyesahaulika ni yule aliyekuwa maarufu, na aliyekubali kubadili saini yake ndiye aliyepewa Nobel ya fasihi mwaka 1953. Ile "Spencer" kwenye majalada ya zamani wengi wanaiona kama pambo la kibwanyenye, ilhali iliwekwa kwa ajili ya msomaji. Nimeiandika hivyo kwenye sentensi yake kwa herufi nzito.

Wiki ya 6

Lakabu na ndoa.

George Eliot, ambaye jina lake halisi ni Mary Ann Evans, na T. S. Eliot wa mashairi: hawana uhusiano, na mmoja wao jina si lake la kuzaliwa. Ingizo fupi.

Penina Muhando ni kesi ya kinyume: mtu mmoja aliyegawanyika mara mbili. Tamthilia za Hatia (1972) na Nguzo Mama ziko chini ya Muhando. Utafiti wake wa 1991 juu ya sanaa za maonyesho ya umma na maendeleo uko chini ya Penina Mlama. Orodha inayopanga kwa jina la mwisho pekee inamfanya mtunzi na mtafiti kuwa wanawake wawili wasiojuana, ilhali utafiti ule umetoka kwenye uzoefu wa jukwaani. Kosa la aina hii naliona baya kuliko la kuunganisha watu wawili, kwa sababu halionekani. Waliounganishwa kimakosa hujifichua wenyewe kwa miaka isiyowezekana, kama akina David Diop. Aliyegawanywa hubaki kimya, na wanaoumia zaidi ni wanawake waliobadili jina.

Kisha akina Bell. Mwaka 1846 kilitoka kitabu cha mashairi cha Currer, Ellis na Acton Bell, lakabu za dada watatu Charlotte, Emily na Anne Brontë, zikauzwa nakala mbili tu. Mwaka 1847 kila Bell akatoa riwaya yake, na wasomaji wakaanza kusema kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Mchapishaji wa wawili kati yao hakujali kusahihisha. Alifaidika na dhana kwamba kitabu kipya cha Acton ni cha Currer aliyekwisha kupata sifa. Julai 1848 Charlotte na Anne Brontë walisafiri hadi London kumwonyesha mchapishaji wa Charlotte kwa macho yake kwamba wako zaidi ya mmoja. Emily hakwenda.

Nimeusoma upya mkasa huo kwa jicho la jedwali langu. Riwaya ya Charlotte ya 1847 inasimuliwa na yaya mwalimu katika nyumba ya tajiri. Ya Anne, mwaka uleule, nayo inasimuliwa na yaya mwalimu. Jina la mwisho moja, mwaka mmoja, lugha moja, mada moja. Safu zangu zote zingewaunganisha. Waliokuwa nazo hoja ni wale wasomaji wa 1848.

Wiki ya 7

Baada ya akina Bell nimekubali kwamba kila mtu lazima awe na namba. Kuna mfumo wa kimataifa wa ISNI, ulioidhinishwa mwaka 2012 kama kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, unaompa kila mtunzi tarakimu 16, na kila jina la umma analotumia linaweza kupata namba yake. Watafiti wana ORCID, iliyoanza mwaka huohuo na yenye urefu uleule. Pale namba ipo nimeinakili. Pale haipo nimeweka yangu fupi. Namba ni ya mashine na majina ni ya msomaji, na sitaki msomaji azione tarakimu kabla hajaona sentensi.

Mpangilio wa majina umenila siku mbili. Camara Laye wa Guinea: Camara ndilo jina la ukoo, Laye ndilo lake, lakini vitabu vyake viko C kwenye rafu moja na L kwenye nyingine. Gabriel García Márquez ni wa G na Mario Vargas Llosa ni wa V, ingawa wengi huwatafuta M na L. Waisilandi hupangwa kwa jina la kwanza, maana la mwisho kwa kawaida ni la baba, si la ukoo, kama vile la Said Ahmed Mohamed lisivyo la ukoo. Nimefurahi kuona watu wa kisiwa cha kaskazini kabisa wamelitatua kwa njia ambayo ingewafaa watu wa visiwa vyetu. Nimehamisha waandishi wote wa aina ya "baba au babu" wapangwe kwa jina la kwanza. Said sasa yuko S, Mohamed yuko M, na hawagongani tena.

Wiki ya 8

Jozi za mwisho za awamu hii ndizo nilizozifurahia kuliko zote.

Bethwell Ogot alichapisha mwaka 1967 historia ya Wajaluo wa kusini iliyojengwa juu ya masimulizi ya wazee, wakati ambapo wanahistoria wengi hawakuyahesabu masimulizi hayo kuwa ushahidi. Mkewe, Grace Ogot, alitoa riwaya mwaka 1966 na mkusanyiko wa hadithi mwaka 1968, akichota kutoka kisima hichohicho cha masimulizi. Chinua Achebe aliandika mwaka 1958 riwaya ya jamii ya Kiigbo inayovamiwa na ukoloni. Bintiye, Nwando Achebe, ni mwanahistoria, na kitabu chake cha 2011 kinamhusu Ahebi Ugbabe, mwanamke wa Kiigbo aliyetawala kama mfalme zama za ukoloni. Huyo baba na binti wamesimama mbele ya jamii moja wakati mmoja wa historia, mmoja akaandika riwaya iliyojaa wanaume wazito, mwingine akaenda kumtafuta mwanamke aliyekalia kiti.

Hapa "mada" imenishinda tena, lakini safari hii kwa wema. Kuandika "historia ya Wajaluo" kwa Bethwell na "hadithi fupi" kwa Grace kungewatenga watu waliokuwa wakisikiliza simulizi zilezile. Nimeongeza safu ya sita, "wanakutana wapi", na ya saba sitaiongeza. Kwa akina Ogot nimeandika: masimulizi ya wazee. Kwa akina Achebe: Waigbo chini ya ukoloni. Kwa David Diop na David Diop: Ufaransa inavyowatumia Waafrika. Kwa Mohamed na Mohamed nimeiacha tupu, hadi nitakapozisoma upya Nyota ya Rehema na Utengano kwa pamoja.

Leo asubuhi nimerudi kwenye mstari wa kwanza kabisa. Vile vitabu vya 1995 na 1998 sasa vina waandishi wawili wenye namba mbili, Ali (1933–2014) na Alamin, kila mmoja na sentensi yake, na kwenye safu ya sita nimeandika "lugha ya Kiswahili na dola". Chembe cha Moyo kimebaki cha Alamin peke yake. Herufi ya S inafuata, na akina Smith wanangoja.